Kuigiza kwa Mtengeneza Katuni: Mwongozo wa Kuanzia, Ukiwa Mombasa

Maswali ninayoulizwa na wanaoanza animesheni ni yale yale. Mhusika wangu anasogea, mbona anaonekana kama mfu? Uigizaji nikausomee wapi? Na mimi mwenye haya, asiyewahi kupanda jukwaani, nitaweza? Nayajibu hapa kwa utaratibu, ili mwenye swali aanze kazi leo leo.

Wengi hukaa mwaka mzima wakijifunza programu, na kuigiza hawakugusi. Matokeo yake ni mhusika mwenye viungo vinavyozunguka vizuri, ila hujui anataka nini. La pili linaloniuma ni kumsikia mhusika akiongea Kiswahili cha Mombasa huku mikono na mabega yake ni ya katuni za Marekani. Yote mawili yana dawa, na dawa inaanzia mwilini mwako kabla hujawasha kompyuta.

Tutafanya onyesho moja dogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulifuate hivyo hivyo lilivyo mara ya kwanza, halafu utunge lako.

Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kamera, na kitu cha kuisimamisha. Kama huna tripodi, pakiti ya unga juu ya kiti inatosha.
- Nafasi ya mita tatu hivi mbele ya ukuta mtupu. Nyumba ikiwa finyu, panda darini asubuhi kabla jua halijawa kali.
- Kioo kikubwa kinachokuonyesha angalau kuanzia magotini.
- Daftari lisilo na mistari na penseli. Ukijua kuchora watu wa vijiti, umeshafuzu.
- Kompyuta yenye Blender kwa kazi ya 3D, au Krita kwa kuchora fremu moja moja, yaani zile picha zinazofuatana kuunda mwendo. Zote mbili ni za bure.
- Mhusika aliyekwisha kuundwa na kutiwa mifupa, yaani rigi. Usijitengenezee wako sasa, utamaliza miezi hujaigiza chochote. Blender Studio wanamtoa bure mhusika anayeitwa Rain, na anatosha kabisa kwa mazoezi haya.
- Mtu mmoja mkweli wa kukutazamia kazi.

Cheti cha uigizaji si lazima. Ukipenda kujifunza pamoja na wenzako, kaulizie Little Theatre Club, au Swahilipot Hub pale karibu na Fort Jesus, ambako vijana wa sanaa na wa kompyuta hukutana chini ya paa moja. Kushika hata nafasi ndogo kwenye mchezo wa jukwaani kutakufunza kusimama, kusikiliza na kungoja zamu yako, mambo ambayo katuni nyingi za wanaoanza hazina.

Hatua ya 1: Andika mhusika anataka nini

Onyesho letu ni hili. Kijana ameketi mkekani kwa nyanya yake. Sahani iko mbele yake na limebaki hamri moja. Nyanya haonekani kwenye picha, tutamsikia tu. Urefu ni sekunde nane, ambazo kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde ni fremu 192.

Kwenye daftari jibu maswali matatu. Anataka nini? Lile hamri. Nini kinamzuia? Haya, maana hutaki kuonekana unamaliza sahani mbele ya mkubwa. Atafanyaje? Atavizia nyanya asiangalie.

Konstantin Stanislavski, mwelekezi wa Urusi aliyeanzisha na mwenzake ukumbi wa sanaa wa Moscow mwaka 1898, aliliweka swali la anachokitaka mhusika katikati ya mafunzo yake. Nadharia ya kukutosha leo ni hiyo tu.

Sasa lipasue onyesho kwa fikira zinavyobadilika kichwani mwa kijana:

a) Analiona hamri.
b) Anamtupia nyanya jicho.
c) Anakata shauri.
d) Mkono unaondoka kwenda kwenye sahani.
e) Nyanya anakohoa.
f) Mkono unageuza safari, unaenda kujikuna shingo.

Onyo: usiandike hisia peke yake. Ukiandika "ana huzuni" utaishia kuinamisha kichwa na kushusha midomo, basi. Andika "anajizuia asilie mbele ya wageni", na mwili utakuwa na kazi ya kufanya.

Hatua ya 2: Toka ukaangalie watu

Toka na daftari, simu ibaki mfukoni. Kwenye feri ya Likoni kupiga picha hairuhusiwi, na kwingineko pia, kumrekodi mtu bila idhini yake, hasa kina mama, ni utovu wa adabu. Tazama, chora mistari mitatu minne, andika maneno mawili, endelea.

Feri ni darasa zuri la kungoja. Watu mia kadhaa wamesimama na kila mmoja anangoja kivyake: huyu uzito wote kaulaza mguu mmoja, yule anajipepea kwa gazeti, mwingine shingo imeshatangulia getini wakati miguu bado imetulia. Geti likifunguliwa, angalia ni kiungo gani kinachoanza kwenda. Kwa mwenye haraka mara nyingi ni kifua au kichwa. Kwa aliyechoka, kiwiliwili hubaki nyuma na miguu hujivuta.

Marikiti nenda ukaangalie uzito. Hamali anayesukuma mkokoteni uliojaa hasukumi kwa mikono, anasukuma kwa mgongo na mapaja, na kabla mkokoteni haujasogea yeye ameshajikunja. Ule muda mfupi kabla ya kusogea ndio unaomwambia mtazamaji kwamba mzigo ni mzito.

Ila shule kubwa kuliko zote ni barazani, Mji wa Kale, saa za jioni kahawa chungu inapopita. Kaa, agiza kikombe, usikilize kwa macho. Andika kila ishara unayoiona na ilitoka wakati gani. Mzee aliyeshika tama, mwenzake anayeelekeza mahali kwa kidevu bila kuinua mkono, mama anayepita akajifunika mdomo kwa pembe ya leso anapocheka, kijana anayebetua midomo akisikia bei. Kuna kufyonya, kuna kupiga makofi mara moja na kuacha viganja wazi mtu anaposhangaa, kuna kujishika kiuno. Hizi ndizo ishara za wahusika wako. Mtazamaji wa Kisauni au Likoni akiziona atajua huyu ni mtu wa kwao kabla hajafungua mdomo.

Fanya hivi kwa wiki mbili kabla ya kudharau faida yake.

Hatua ya 3: Uamshe mwili

Dakika kumi kila siku, chumbani, mlango umefungwa. Tembea kutoka ukuta hadi ukuta kwa kila mwendo kati ya hii: kunyata, kuchechemea, kujikongoja, kupepesuka, kwenda kwa madaha, kwenda kwa haraka ukijizuia usikimbie. Kila mara jiulize mambo matatu. Mwili ni mzito au mwepesi? Mwendo ni wa ghafla au wa polepole? Unakwenda moja kwa moja au unazungukazunguka?

Kisha hesabu. Kwa fremu 24 kwa sekunde, mtembeo wa kawaida ni fremu 12 hivi kwa kila hatua, yaani hatua mbili kwa sekunde. Mzee aliyechoka anaweza kufika 20 na zaidi. Anayekimbia hushuka hadi 8 au 6. Tembea huku ukijipima kwa saa ya simu mpaka hesabu hizi zikuingie miguuni, kwa sababu ukikaa kwenye kompyuta hutakuwa na kitu kingine cha kukuongoza.

Hatua ya 4: Igiza mbele ya kamera

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo kazi ilipo.

Weka simu mahali ambapo kamera ya onyesho lako itakaa, kwa urefu ule ule. Mwili wote uonekane pamoja na miguu, hata kama umeketi. Tandika mkeka, weka sahani ya kweli na hamri la kweli. Mkono unaoshika kitu cha kweli husogea tofauti na mkono unaojifanya.

Muombe mtu akohoe nje ya picha, na asikwambie atakohoa lini. Ukijua muda, mwili wako utashtuka kabla ya sauti, na mtazamaji ataona uwongo huo hata kama hawezi kuutaja.

Rekodi mfululizo, usisimame kutazama kila jaribio. Majaribio ya mwanzo karibu yote yatakuwa mambo uliyoyaona kwenye katuni: macho kuzunguka, kulamba midomo, kusugua viganja. Yaache yatoke yaishe. Baada ya hapo badilisha jambo moja kila mara. Safari hii kijana ana njaa ya tangu asubuhi. Safari hii nyanya ni mkali. Safari hii nyanya ni mpole na amemlea, na kijana anajua hamri hilo nyanya amejiwekea mwenyewe. Utaona mkono unavyobadilika wenyewe, kasi inavyobadilika, hata namna ya kukaa.

Maonyo matatu hapa:

- Usiigize ukijitazama kwenye skrini ya simu. Macho yatakwenda kwenye simu badala ya sahani. Tumia kamera ya nyuma, ambayo pia haigeuzi kushoto kuwa kulia.
- Angalia mpangilio wa video. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Ukizihesabu fremu hizo na kuziweka vivyo hivyo kwenye kazi ya fremu 24, sekunde moja itakuwa sekunde moja na robo, na kila kitu kitazubaa. Weka simu kwenye 24, au kazi nzima iwe ya 30.
- Kioo ni cha kupimia mkao na uso tu. Usikitumie kuigizia onyesho zima.

Kama una haya, anza na mgongo. Igiza ukiwa umeipa kamera kisogo, mtazamaji aelewe kwa mabega na shingo peke yake. Ni zoezi gumu, na watu wenye haya hulifanya vizuri kwa sababu hawana pa kukimbilia na uso.

Hatua ya 5: Chagua, kisha tia alama

Tazama majaribio yote bila sauti. Chagua moja, au chukua mwanzo wa hili na mwisho wa lile. Pitia fremu kwa fremu na uandike namba pale fikira inapobadilika. Kwa onyesho letu inaweza kuwa hivi: fremu ya 20 analiona hamri, 52 anamtazama nyanya, 84 anakata shauri, 100 mkono unaondoka, 124 kikohozi, 132 mkono umeshageuka kwenda shingoni, anajikuna, kisha anatulia hadi 192.

Angalia zile fremu 16 kati ya kukata shauri na mkono kuondoka. Karibu hakuna kinachosogea, lakini hapo ndipo mtazamaji anapomwona mtu akifikiri. Usizifute. Angalia pia kwamba mkono ulikwenda kwa fremu 24 na uligeuka kwa 8. Mwendo wote ukiwa wa kasi moja, onyesho limekufa.

Hatua ya 6: Chora mikao

Mkao mmoja kwa kila fikira, watu wa vijiti, mstari mmoja wa mgongo kwanza. Ukimaliza, pitia kila mkao ukiuzidisha kidogo: aliyeinama ainame zaidi, aliyejivuta nyuma ajivute zaidi. Video ikinakiliwa kama ilivyo, mhusika hukauka, kwa sababu rigi haina nyama na pumzi zako.

Kisha upake mkao wote rangi nyeusi. Kama mkono umepotelea ndani ya kifua na huoni unachofanya, geuza mwili au kamera.

Hatua ya 7: Ingiza kwenye kompyuta

Kwenye Blender, pakia video yako iwe picha ya nyuma ya kamera. Weka mikao sita kwenye fremu ulizoandika. Chagua fremu zote kuu (keyframe), zile ulizowekea mikao, bonyeza T, kisha Constant, ili mhusika aruke kutoka mkao hadi mkao bila Blender kujaza katikati. Tazama. Onyesho likieleweka hivi hivi, endelea. Lisipoeleweka, kulainisha hakutaliokoa, rudi hatua ya 4 au ya 6.

Kwenye Krita ni vivyo hivyo: mikao mikuu kwanza, ya katikati baadaye. Mchoro mmoja kwa kila fremu mbili unatosha, yaani michoro 12 kwa sekunde.

Hatua ya 8: Macho na pumzi

Onyesho letu halina vituko vikubwa, kwa hivyo limebebwa na macho.

Macho hayatelezi, yanaruka. Kutoka kwenye hamri hadi kwa nyanya ni fremu moja au mbili, si kumi. Mtu anayeamua kutazama kitu, macho hutangulia, kichwa hufuata fremu mbili hadi nne baadaye, kisha mabega kama kuna haja. Kijana wetu anaiba jicho, basi kichwa kisifuate kabisa. Hapo pekee mtazamaji ameshajua kuna siri.

Kikohozi kikija, geuza utaratibu: mwili wote ushtuke kwa pamoja, pumzi ikatike, ndipo macho yatafute pa kujificha.

Mtu aliyetulia hupepesa macho mara 15 hadi 20 hivi kwa dakika, kwa hivyo sekunde nane zinataka mara mbili au tatu tu. Zitie pale fikira inapobadilika au kichwa kinapogeuka. Kope hufunga kwa fremu mbili, hukaa moja, hufunguka kwa tatu.

Pumzi itie kifuani na mabegani, kidogo sana. Kabla ya kukata shauri anavuta. Baada ya kujikuna anaishusha yote.

Hatua ya 9: Ongeza neno moja

Onyesho likisimama bila sauti, mpe kijana mstari huu mwishoni, mkono ukiwa bado shingoni: "Nimeshiba, nyanya."

Mdomo unasema kashiba, mwili unasema hajashiba. Usiufanye mwili ukubaliane na maneno. Mtu anayekana njaa hatikisi kichwa kwa nguvu. Anatabasamu upesi mno, na jicho linarudi kwenye sahani mara moja, bila yeye kutaka.

Kwa Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ni-me-SHI-ba, NYA-nya. Kama kichwa kinaashiria kitu, kifike kilele chake fremu mbili hadi nne kabla ya SHI. Kikifika pamoja na sauti au baada yake, kitaonekana kimechelewa.

Kwa mdomo, usihangaike na kila herufi. Shika irabu tano, a, e, i, o na u, kisha midomo ifunge kabisa kwenye m, b na p, angalau fremu mbili. Katika "nimeshiba" midomo inafunga mara mbili, kwenye m na kwenye b, na inachomoza kidogo kwenye sh. Ukizipata hizo tatu, masikio ya mtazamaji yatakujazia mengine.

Unaporekodi, zima feni, funga madirisha upande wa barabara kwa ajili ya tuktuk, na panga muda nje ya nyakati za adhana.

Hatua ya 10: Mwonyeshe mtu, kisha nyamaza

Usimweleze kitu. Mchezeshee mara moja, umuulize: huyu anataka nini? Akisema "analitaka hilo hamri na anamwonea nyanya haya", umefanya kazi. Akisema "animesheni yako laini sana", hajaona kitu, na kosa lipo hatua ya 1 hadi ya 6.

Ukikwama

*Mhusika anaelea.* Uzito hauko kwenye nyonga. Kabla ya kunyoosha mkono, mtu aliyeketi huhamisha nyonga au huegemea mkono wa pili. Tia hiyo fremu nne hadi sita mapema. Kwa aliyesimama, hakikisha uzito uko mguu mmoja kabla mwingine haujainuka.

*Mikono yote miwili inafanya jambo moja kwa wakati mmoja.* Ucheleweshe mmoja fremu tatu nne, au uupe kazi nyingine: ushike goti, ushike pindo la kikoi.

*Anasogea bila kupumzika.* Hesabu ishara zake. Sekunde nane zinataka ishara kuu moja, nayo kwetu ni ule mkono uliogeuza safari. Futa nyingine zote, halafu rudisha ile utakayoikosa kweli.

*Anasimama kama sanamu kati ya mikao.* Usimgandishe. Mkao mtulivu uendelee kuzama polepole upande ule ule uliokuwa ukielekea, na pumzi iwepo.

*Mkao haueleweki ingawa kwenye video ulieleweka.* Umepita upesi. Mpe mtazamaji fremu 8 hadi 12 za kuusoma.

*Uso ni mzuri lakini macho hayana uhai.* Mara nyingi yanatazama hewani. Weka kitu halisi pale nyanya alipo, hata mchemraba mtupu tu, uelekeze macho hapo. Hakikisha pia kope za juu zinagusa kidogo duara jeusi la jicho, kwa sababu jicho lililo wazi pande zote ni la mtu aliyeshtuka.

*Nyumbani wananicheka.* Wape kazi. Wa kukohoa, wa kushika simu, na nyanya mwenyewe akikubali kukaa pembeni, utaona jinsi utakavyoigiza tofauti.

*Nimemaliza, nifanye lipi?* Baki na sahani hiyo hiyo, ubadilishe mtu. Mpe onyesho hili mtoto wa miaka mitano, kisha makanga anayeitwa nje na matatu yake, kisha mzee wa baraza ambaye haya zimeshamwisha. Hamri ni lile lile, kikohozi ni kile kile kwenye fremu ya 124, na mikao sita yote itabidi uichore upya.